Krismasi ng'ambo ya Mto Tana

Krismasi ya Garissa huanza kwa hesabu ya nani atasafiri na nani atabaki. Kaunti tatu za Kaskazini Mashariki ya Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera, zilikuwa na wakazi karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2019, na zaidi ya asilimia 90 yao ni Waislamu, wengi wakiwa Wasomali. Wakristo ni wachache, na wengi waliletwa na kazi: walimu, wauguzi, polisi, wanajeshi, mafundi wa ujenzi, wauza mboga na mitumba kutoka Ukambani, Meru, Nyanza, Magharibi na Mlima Kenya. Hadi leo wapo wenyeji wanaosema mtu fulani "ameenda Kenya", wakimaanisha amevuka daraja la Tana kuelekea Nairobi. Ni mazungumzo ya kawaida tu, ila yanabeba historia ya eneo lililotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi zilipofutwa mwaka 1991.

Sala na pilau ni zile zile za Machakos au Kakamega. Tofauti iko ukutani kwa jirani. Familia ya Kikristo ya Garissa husherehekea katikati ya watu wasioisherehekea siku hiyo, ambao hata hivyo ndio wenye duka, buchari, nyumba ya kupanga na mbuzi. Matayarisho mengi, na zawadi hasa, hupangwa kwa kuangalia upande huo.

Pesa hutangulia. Akina mama wengi wamo katika chama, na chama cha Krismasi huanza kuchangiwa mwanzoni mwa mwaka, kiasi kidogo kila wiki au kila mwezi, bila mtu kuruhusiwa kukigusa. Desemba chama huvunjwa. Vyama vingine hugawa fedha taslimu. Vyenye busara zaidi hununua kwa jumla, kwa sababu bale la unga wa ngano lenye pakiti 12 za kilo mbili ni nafuu kuliko pakiti moja moja dukani. Kila mwanachama huondoka na fungu lake la unga, mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Kwa aliyeajiriwa, mshahara wa Desemba mara nyingi huingia kabla ya sikukuu, na hapo ndipo mtego ulipo: pesa hiyo hiyo inatakiwa ifike hadi mwisho wa Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari, wenye karo, sare na vitabu.

Wanaosafiri hufunga mizigo mapema. Kutoka mji wa Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370, kupitia Madogo, Bangale, Ukasi na Mwingi. Kutoka Mandera ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya barabara ni vumbi. Nauli hupanda kadiri tarehe 25 inavyokaribia. Mkoba wa mtu anayetoka Garissa kwenda kijijini hujulikana kwa yaliyomo: tende, dera jipya la mama mkwe, uturi, na chupa ya nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake, nayo hukaa miezi bila friji. Nyirinyiri ni zawadi bora ya safari ndefu. Maziwa ya ngamia ni ya kubahatisha. Huchachuka njiani, ingawa yaliyochachushwa makusudi na kuitwa susa yana wapenzi wake.

Barabara ya Mandera ina makovu. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab, na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa. Baadhi yao walikuwa walimu waliofunga shule wakawa wanarudi kwao kwa likizo ya Krismasi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Safari hii wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, na abiria walipoamriwa kujitenga kwa dini walikataa, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walikufa. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu na Mwislamu, alipigwa risasi akiwatetea abiria wenzake, akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, *Watu Wote*, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Siku tatu baada ya shambulio la El Wak ilikuwa mkesha wa Krismasi, na kalenda ya Kiislamu nayo ikaleta Maulidi ya Mtume siku zizo hizo.

Mashambulio hayo yalibadili idadi ya wanaosherehekea. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka eneo hilo, na familia zao zikaondoka nao. Mwaka 2023 kikwazo cha safari kilikuwa maji: mafuriko ya Novemba yalifunika kipande cha barabara kati ya Garissa na Madogo, na watu wakavushwa kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa matatu.

Anayebaki mara nyingi hubaki kwa sababu ya zamu. Hospitali haifungwi, kituo cha polisi hakifungwi. Wafanyakazi hupatana wenyewe kwa wenyewe: muuguzi Mwislamu huchukua zamu ya tarehe 25, na mwenzake Mkristo humlipa siku ya Idd. Mpango huu hauandikwi popote, lakini ukiutazama vizuri ni zawadi kubwa kuliko nyingi zinazofungwa kwa karatasi za kumetameta, maana anayepewa anapata siku nzima na watoto wake.

Baada ya zamu kupangwa, hoja kubwa ni mbuzi. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na Desemba magari yaliyojaa mbuzi huelekea Nairobi usiku na mchana, kwenye vichinjio kama vya Kiamaiko, ili watu wa jiji wapate nyama choma ya sikukuu. Mfugaji ambaye maishani hajawahi kuketi kwenye karamu ya Krismasi hupanga mauzo yake kwa kuifuata. Hali ya hewa humsaidia: mvua za vuli huanza Oktoba, malisho huchipua, na zikinyesha vizuri mbuzi huwa wamenenepa Desemba inapofika. Zisiponyesha, mambo hugeuka. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Krismasi za miaka hiyo, mbuzi aliyepatikana alikuwa ngozi na mifupa, na bei haikuwa ya ngozi na mifupa.

Kununua mbuzi Garissa kuna adabu zake. Mnunuzi haendi peke yake kwa mwenye mali. Katikati yao anasimama dalali. Bei inaweza kutajwa hadharani, lakini wafanyabiashara wazoefu bado hushikana mikono chini ya kitambaa au ncha ya shuka na kubonyezana vidole, kila kidole na kila mbonyezo ukiwa na thamani yake, ili waliosimama karibu wasijue mali inauzwa ngapi. Mwalimu kutoka Kitui asiyeijua lugha hiyo ya vidole humtuma jirani Msomali amnunulie, na kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko angekwenda mwenyewe. Jirani humkagua mnyama kwa mkono: humpapasa mgongoni na kiunoni kuona kama nyama imejaa, humfunua mdomo kuhesabu meno, na huchagua maksai badala ya beberu, kwa kuwa nyama ya beberu hunuka. Malipo siku hizi ni kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2007, na hilo limepunguza hofu ya kubeba noti sokoni.

Mchinjaji huamua nani atakula. Familia inayotaka majirani washiriki humwalika Mwislamu achinje: mbuzi hulazwa kuelekea Kibla, jina la Mungu hutajwa, na kisu hupita koo mara moja. Wakristo wengi wa Garissa hawaoni tatizo, kwa kuwa nyama yote wanayonunua buchari mwaka mzima imechinjwa hivyo hivyo. Hatua hiyo huambatana na nyingine zinazosahauliwa na wageni wapya. Damu haikingwi, kwa hiyo mutura, ile soseji ya damu na matumbo inayopendwa Mlima Kenya, haipikwi siku hiyo, au hupikwa bila damu na kupoteza nusu ya utamu wake. Nguruwe hana nafasi. Pombe haiwekwi mezani mbele ya wageni. Kwa baadhi ya majirani hata sufuria ni swali, na mwenye nyumba mwerevu hatamlazimisha mtu ale chakula kilichopikwa. Humpelekea mguu wa mbuzi ukiwa mbichi, kutoka kwa mnyama ambaye jirani mwenyewe alimwona akichinjwa.

Kupamba nyumba hakuchukui muda mrefu. Sehemu za baridi za Kenya familia hukata tawi la mti wa sipresi, mti usiostahimili joto la Garissa, ambalo Desemba huweza kupita nyuzi 35. Mwenye uwezo hununua mti wa plastiki. Asiye nao huning'iniza baluni na karatasi za rangi kwenye tawi lolote la kijani, mara nyingi la mwarobaini, unaoota kila mtaa. Mti uliojaa kuliko yote ni mathenge, lakini miiba yake hutoboa baluni moja baada ya nyingine, hivyo kazi yake ya sikukuu hubaki kuwa makaa ya jikoni.

Kanisani, matayarisho huchukua majuma manne ya Majilio kwa madhehebu yanayoyafuata: kwaya hufanya mazoezi jioni, watoto hugawiwa nafasi za Yosefu, Maria, wachungaji na malaika. Dayosisi ya Katoliki ya Garissa, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1984, inahudumia kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Maaskofu wake wawili wa kwanza, Paul Darmanin na Joseph Alessandro, walikuwa watawa Wakapuchini kutoka Malta. Wa tatu, George Muthaka, aliyeteuliwa 2022, ni Mkenya na Mkapuchini vilevile. Wakapuchini ni tawi la familia ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223 aliandaa pango la Noeli lenye ng'ombe na punda halisi katika kijiji cha Greccio, Italia, na desturi ya pango kanisani ikaenea kutokea hapo. Mtoto wa Garissa hahitaji kuelezwa pango linaonyesha nini. Zizi, mbuzi, punda, ngamia na wachungaji wanaokesha nje na mifugo ni vitu anavyoviona akienda shule.

Ulinzi umekuwa sehemu ya ibada. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji wa Garissa, la Africa Inland Church (AIC) na kanisa kuu la Katoliki, yalishambuliwa kwa risasi na maguruneti, na watu zaidi ya 15 wakafa, karibu wote katika AIC. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walikubaliana na wenzao Wakristo kwamba vijana wa Kiislamu wasaidie kulinda makanisa. Aprili 2, 2015 likaja shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, wengi wakiwa wanafunzi Wakristo. Tangu hapo waumini wa mkesha wa tarehe 24 hukaguliwa langoni, mikoba hufunguliwa, na familia huhesabu muda wa foleni hiyo wanapoamua saa ya kutoka nyumbani.

Siku yenyewe huenda haraka. Baada ya ibada ya asubuhi, maini huchomwa kwanza na kuliwa na waliokuwa kwenye kazi ya kuchuna. Kichwa na miguu hutengwa kwa supu. Pilau na chapati ndizo nguzo za mezani nchini kote, na Garissa huongezewa sambusa na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Maembe yapo kwa wingi, kwa kuwa mashamba ya Wapokomo kando ya Tana huvuna msimu huo. Wapokomo wa sehemu za chini za mto ni Wakristo tangu wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walipoanzisha kituo Ngao mwaka 1887, kwa hiyo anayeuza embe huenda naye ana sufuria yake ya pilau inayongoja nyumbani.

Watoto, kwa upande wao, hungoja nguo. Kote Kenya, nguo ya Krismasi ndiyo zawadi ya kwanza, na kwa familia nyingi ndiyo ya pekee. Garissa hununuliwa katika soko la Suq Mugdi au kwenye maduka yanayopata bidhaa kutoka Eastleigh, Nairobi, na wenye maduka hayo huagiza magauni ya watoto kwa ajili ya Desemba kama wanavyoagiza kwa ajili ya Idd. Mzazi mwenye uzoefu hununua saizi moja zaidi, pindo likunjwe ndani na kushonwa kwa mkono, lifunguliwe mwaka unaofuata. Wengine hubadili kabisa hesabu: hutoa viatu vyeusi vya shule, begi, daftari na sare, kwa sababu shule hufunguliwa mapema Januari. Mtoto huenda asifurahie viatu vya shule asubuhi ya sikukuu, na ni haki yake. Wazazi wanaochanganya vyote viwili, yaani begi la shule lenye miwani ya plastiki na pakiti ya biskuti ndani, wameelewa jambo hili vizuri kuliko wengine.

Kwa wazee walio mbali kijijini, zawadi husafiri kwa simu. Hapa wakati ni muhimu kuliko kiasi. Pesa inayofika tarehe 20 inamwezesha mama kununua unga na nyama kwa bei ya kawaida. Kiasi kile kile kikifika jioni ya 24 kinakuta maduka yameishiwa na bei zimepaa. Anayetuma na ada ya kutolea juu yake humwepushia mpokeaji aibu ndogo kwa wakala.

Zawadi ya jirani Mwislamu inataka akili zaidi. Wako wanaopokea salamu za Krismasi na kuzirudisha kwa moyo mkunjufu. Wako pia wanaofuata mafundisho yanayowakataza kushiriki sikukuu ya dini nyingine, na hao si lazima wawe majirani wabaya. Kadi yenye picha ya pango inaweza kumweka mtu wa namna hiyo mahali pagumu. Kreti ya soda, biskuti kwenye pakiti isiyofunguliwa, sukari au majani ya chai havimweki popote: ni ujirani tu. Tende zina nafasi ya pekee, kwa sababu Sura ya 19 ya Kurani, Sura Maryam, inasimulia jinsi Maryam alivyoambiwa autikise mtende ale tende alipokuwa akimzaa Isa. Familia ya Kikristo inayopeleka sahani ya tende mlango wa pili siku ya 25 Desemba inapeleka chakula ambacho pande zote mbili zinaweza kukihusisha na uzazi huo, kila upande kwa imani yake. Sahani, kwa desturi, hairudi tupu. Hurudi na halwa au sambusa siku hiyo hiyo, au hungoja Idd irudi na nyama. Wasichana wa nyumba ya pili huenda wakawapaka hina mabinti wa mwenye sikukuu. Hina haina gharama kubwa, na hudumu mkononi hadi shule zikaribie kufunguliwa.

Kuna zawadi nyingine ya eneo hili ambayo wenye sikukuu wengi huipita bila kuiona. Injili ya Mathayo inasema mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Viwili kati ya hivyo vitatu ni utomvu wa miti ya nyika kavu, na miti ya jamii hizo inaota Wajir, Mandera na Garissa: mibani ya jenasi ya Boswellia na mimanemane ya jenasi ya Commiphora. Wachungaji hukwangua utomvu uliokauka kwenye magome, wengi wao wakiwa wanawake na vijana wanaofuata mifugo, na kuuza kwa wafanyabiashara wanaousafirisha nje kwa ajili ya manukato na dawa. Mjini ubani huuzwa kwa vipimo vidogo na hufukizwa nyumbani jioni. Kifuko chake hugharimu kidogo kuliko kadi ya kiwandani, hakiozi, na bibi wa Bungoma au Embu akikipokea pamoja na maelezo kwamba kimetoka kwenye mti wa Wajir, atakuwa na la kuwasimulia wenzake kanisani.

Kalenda huleta mtihani wake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 ziliangukia ndani ya mwezi wa saumu, na kwa hesabu ya mwezi hali hiyo itarudi kuanzia mwaka 2031. Miaka ya namna hiyo familia huchoma nyama nyuma ya nyumba mbali na njia, hula ndani mchana, na sahani ya jirani hupelekwa wakati wa magharibi ili iingie kwenye futari.

Sikukuu haiishi tarehe 26 kwa kila mtu. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, wakimbizi wengi ni Wasomali Waislamu, lakini wapo pia Wakristo kutoka Ethiopia, Sudan Kusini na Kongo. Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu tarehe 7 Januari, baada ya kufunga siku zaidi ya 40 bila nyama, maziwa wala mayai. Wanakwenda sokoni kununua kuku na mbuzi wakati wanunuzi wa Desemba wamekwisha pungua, kwa hiyo mara nyingi dalali huwa tayari kuwasikiliza.